Jiji la Dar es Salaam na Kariakoo: nani anaamua mishahara, ajira na ulinzi?

Wengi mnaotusikiliza hamkai Dar es Salaam, lakini Kariakoo mnaijua. Duka la kijijini linajazwa mzigo kutoka Kariakoo, kijana wa nyumbani anauza mikanda Mtaa wa Kongo, na binti aliyemaliza chuo ameomba kazi jijini. Ndiyo maana taarifa ya habari ikisema "Halmashauri ya Jiji imeamua", simu zinaanza kuita hapa studio. Jiji limepandisha mishahara? Jiji linaajiri? Wale mgambo waliokamata mizigo wametumwa na nani? Maswali haya hayaishi kwa dakika mbili za hewani, kwa hiyo tumeyaandika hapa kwa urefu, uyasome kwenye simu yako kwa nafasi.

Jibu lenyewe huwashangaza wengi. Kwenye mishahara, ajira na usalama, Halmashauri ya Jiji ina sauti ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mshahara unaamuliwa kwingine, ajira inahitaji kibali cha kwingine, na polisi si wa Jiji. Kilicho mikononi mwake ni mapato ya ndani, watu wa mkataba, sheria ndogo na mgambo. Na hapo hasa ndipo mwananchi wa kawaida anapokutana na Jiji, akiwa na furushi lake begani.

Jiji ni lipi?

Mkoa wa Dar es Salaam una halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Meya wa Jiji si meya wa mkoa mzima. Eneo lake ni lile tulilolizoea kwa jina la Ilala, lenye kata 36, kuanzia Kivukoni, Kisutu, Upanga na Kariakoo hadi huko pembezoni Chanika na Msongola. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 1.6, katika mkoa wenye watu zaidi ya milioni 5.3.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1996 Serikali ililivunja baraza la jiji na kuweka Tume ya Jiji iliyoongozwa na Charles Keenja. Mwaka 2000 zikaundwa manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake ikawekwa Halmashauri ya Jiji. Halmashauri hiyo ya juu haikuwa na wananchi wake wala eneo lake; kila kata ilikuwa tayari ndani ya manispaa fulani. Tarehe 24 Februari 2021 Rais John Magufuli akaivunja, na moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba fedha zilizochangwa na manispaa ziliishia kwenye posho. Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji, na Omary Kumbilamoto, aliyekuwa meya wa Ilala, akawa meya wa Jiji.

Kwa hiyo hoja ya nani analipwa nini imewahi kulimaliza baraza zima. Inafaa kuikumbuka unaposikia madiwani wakibishana juu ya posho.

Mshahara hautoki Karimjee wala Anatoglo

Mwalimu wa shule ya msingi Buguruni, muuguzi wa zahanati ya Vingunguti na mtendaji wa mtaa wa Gerezani wote wanaitwa watumishi wa Halmashauri ya Jiji. Lakini mishahara yao inatoka Hazina na kuingia moja kwa moja kwenye akaunti zao za benki. Viwango vinapangwa na Serikali Kuu kupitia Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, ile tunayoiita Utumishi kwa kifupi. Mtumishi wa kawaida yuko kwenye ngazi za TGS, mwalimu TGTS, wa afya TGHS. Mwalimu wa Kariakoo na mwalimu wa kijijini kwako walio ngazi moja wanapata mshahara mmoja, ingawa kodi ya chumba haifanani hata kidogo.

Baraza la madiwani haliwezi kukaa Jumanne na kupandisha mshahara wa mwalimu. Nyongeza hutangazwa na Rais, mara nyingi siku ya Mei Mosi. Mwaka 2022 kima cha chini cha utumishi wa umma kilipandishwa kwa asilimia 23.3. Mei Mosi ya 2025, kule Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kupandisha kima hicho kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai mwaka huo. Tangazo hilo lilikuwa la nchi nzima. Ukiona ujumbe wa WhatsApp kwamba "Jiji la Dar limepandisha mishahara ya watumishi wake", anza kwa kuutilia shaka.

Hata orodha ya malipo haiko mikononi mwa halmashauri kama zamani. Mwaka 2016 Serikali iliendesha msako wa watumishi hewa, yaani majina yanayolipwa bila mtu kuwepo kazini, na yakaondolewa majina zaidi ya 10,000 nchini. Aprili 2017 ikafuata orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Halmashauri ndiko waliko watumishi wengi, na majina hayo yalikuwa yamepita kwenye meza za watu. Baada ya hapo kamba ikakazwa kutoka juu.

Diwani na meya hawana mshahara wa utumishi, wanalipwa posho. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye si mwajiriwa. Amechaguliwa, kama alivyochaguliwa mwenyekiti wa kijiji chako. Mwajiriwa ni mtendaji anayekaa naye ofisini, na tofauti hii ina uzito. Mtendaji anaweza kuhamishwa au kuchukuliwa hatua za nidhamu na mwajiri wake. Mwenyekiti huwezi kumhamisha. Unamwondoa kwa kura.

Ajira: kibali kwanza

Kila mwaka halmashauri inaandaa ikama, yaani hesabu ya watumishi ilionao na wanaohitajika, na kuipeleka Utumishi pamoja na bajeti. Jiji linaweza kuandika kwamba linahitaji watendaji, walimu na wahudumu wa afya mia kadhaa. Likipewa kibali cha wachache, ndio hao. Kuwataja wenye sifa na kuwasaili ni kazi ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi yanapitia Ajira Portal, mfumo wa maombi kwenye intaneti. Mkurugenzi wa Jiji mwenyewe anateuliwa na Rais. Baraza linaweza kumhoji na kumbana, lakini haliwezi kumteua.

Madiwani wana nguvu katika nidhamu ya watumishi. Baraza hukaa kama mamlaka ya nidhamu kwa watumishi wengi wa halmashauri, na ukisikia "mtumishi fulani amefukuzwa na baraza", hiyo inawezekana kabisa.

Hapa tuseme jambo moja bila kupindisha. Kuomba kazi kwenye Ajira Portal hakulipiwi. Mtu anayekupigia akisema ana nafasi za mgambo au utendaji wa mtaa jijini, na kwamba utume elfu hamsini ya fomu, au ya sare, au ya "kumwona bosi", ni tapeli, hata kama ametaja jina la ofisi ya kweli na la mkuu wa kweli. Wanaowaliza watu wa mikoani kwa njia hii wanajua kwamba nauli ya kwenda kuhakiki Dar ni kubwa kuliko fedha wanayoiomba.

Wapo pia watu wanaofanya kazi za Jiji bila kuwa kwenye orodha ya Hazina: wafagiaji, wakusanya ushuru, mgambo wengi. Hao hulipwa kwa mapato ya ndani ya halmashauri, au huajiriwa na kampuni na vikundi vyenye mkataba na halmashauri. Kima cha Mei Mosi hakiwafikii moja kwa moja. Malipo yao yanafuata mkataba wao na jinsi makusanyo yalivyokwenda.

Ndiyo maana Kariakoo ina uzito mkubwa kwenye meza ya madiwani. Halmashauri nchini zilishapoteza vyanzo vikubwa. Kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 2003, na kodi ya majengo siku hizi inakatwa na Serikali Kuu unaponunua umeme wa LUKU. Kilichobaki ni leseni za biashara, ushuru wa masoko na ada mbalimbali, na kikubwa zaidi kwa mji wa biashara ni ushuru wa huduma, ambao ni asilimia ndogo ya mauzo ya mfanyabiashara. Mahali penye maduka yaliyobanana kama Kariakoo, asilimia hiyo ndogo ni fedha nyingi.

Simama Mtaa wa Kongo saa nne asubuhi

Tuje sasa kwenye usalama, na njia nzuri ya kuelewa ni kusimama katikati ya Kariakoo na kuuliza kila kitu ni cha nani.

Jengo la soko kuu lenye paa la miavuli ya zege, lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1975, ni la Shirika la Masoko ya Kariakoo, shirika la umma lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1974. Barabara na taa zake ni kazi ya TARURA, wakala ulioanza mwaka 2017 na kuchukua barabara za mijini na vijijini kutoka halmashauri. Kodi ya mapato ya mwenye duka inakwenda TRA. Leseni yake inatoka Jiji. Taka zake ni za Jiji. Mwizi akikimbia, anayepaswa kumkimbiza ni askari wa Jeshi la Polisi, pengine wa Kituo cha Msimbazi, ambaye bosi wake yuko Wizara ya Mambo ya Ndani. Moto ukiwaka, linaitwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, nalo la wizara hiyohiyo. Zamani zimamoto walikuwa watu wa halmashauri. Sheria ya mwaka 2007 ikawahamishia Serikali Kuu.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu liliwaka moto. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa likaporomoka asubuhi Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakafa na wengi wakatolewa kifusini baada ya saa nyingi. Katika matukio yote mawili swali la mtaani lilikuwa "Jiji lilikuwa wapi?" Swali hilo ni la haki, kwa sababu halmashauri inahusika na vibali vya ujenzi. Lakini si peke yake. Ipo Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ipo ya Wahandisi, ipo ya Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na kila moja ina wakaguzi wake. Wenye mamlaka wakiwa wengi hivi, ni rahisi kila mmoja kudhani mwenzake ameshapita. Sisi tunaona huo ndio udhaifu mkubwa wa usalama wa Kariakoo, kuliko hata uchache wa askari.

Mpango wa biashara saa 24 uliozinduliwa Februari 2025 ulionyesha jambo hilohilo. Uamuzi wa kufungua duka usiku ni wa mwenye duka. Lakini mteja hatakuja saa nane usiku bila taa, kamera, doria ya polisi na usafiri wa kumrudisha Mbagala au Gongo la Mboto, na hayo yako chini ya mamlaka tofauti. Ndiyo sababu mambo kama haya hutangazwa na mkuu wa mkoa au mkuu wa wilaya. Hao ni wawakilishi wa Rais, wanaongoza kamati za ulinzi na usalama, na wanaweza kuwaita wote mezani. Wasikilizaji wengi huchanganya hapa: agizo la mkuu wa wilaya si uamuzi wa baraza la madiwani.

Mgambo anaweza nini?

Mgambo wa jiji ni mtu aliyepitia mafunzo ya jeshi la akiba, yale yanayotolewa hata wilayani kwako chini ya mshauri wa mgambo ambaye ni askari wa JWTZ. Halmashauri inamtumia kusimamia sheria ndogo, yaani usafi, biashara kwenye maeneo yasiyoruhusiwa na ushuru. Sheria ndogo hupitishwa na baraza, lakini haina nguvu mpaka waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa airidhie na itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Tangazo la kipaza sauti peke yake si sheria.

Mwaka 2021, baada ya Rais Samia kuagiza Septemba kwamba wamachinga wapangwe bila vurugu, Oktoba ile wengi waliondolewa kwenye barabara za Kariakoo na kuelekezwa masoko mengine. Wengi walirudi kwa awamu, maana mteja yuko barabarani. Tangu hapo mchezo wa kukimbizana umeendelea, na anayeumia mara nyingi ni yule aliyetoka mkoani wiki iliyopita, asiyejua mtaa upi umeruhusiwa na upi haukuruhusiwa.

Ukisimamishwa, usikimbie na usipigane. Uliza kwa utulivu jina lake, kitambulisho chake na kosa lenyewe. Faini yoyote halali inalipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, ile wengi wanayoiita kontro namba, na unapata risiti. Fedha iliyoingia mfukoni au kwenye simu binafsi ya mtu si faini. Mzigo ukichukuliwa, dai maandishi yanayoutaja na uulize unapelekwa ofisi gani, kisha nenda kwa mtendaji wa kata hiyo siku ileile. Mgambo hana mahabusu yake. Akikukamata kwa kosa, anatakiwa kukukabidhi polisi bila kuchelewa, na hana ruhusa ya kukupiga. Tunajua kwamba yaliyoandikwa na yanayotendeka yanaweza kupishana. Hata hivyo, mtu anayejua kuuliza risiti huwa ni mgumu kuibiwa.

Na tuseme pia upande wa pili. Mgambo anayelipwa kwa mapato ya ndani, kwa mkataba mfupi, akiambiwa kila siku kwamba makusanyo yameshuka, amewekwa mahali pa vishawishi. Diwani anayelalamika juu ya mgambo wakorofi anaweza kuuliza kwenye kikao cha bajeti wanalipwa kiasi gani na lini. Hilo liko ndani ya uwezo wa baraza kabisa.

Ulinzi shirikishi: kijiji chako kina nguvu kuliko mtaa

Sungusungu mnawafahamu. Walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, na mwaka 1989 Bunge likawatambua kwa marekebisho ya sheria za mgambo. Mwaka 1990, Augustine Mrema akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, wakaletwa hadi mitaa ya Dar es Salaam. Mwaka 2006, chini ya IGP Said Mwema, likaja jina jipya la polisi jamii na ulinzi shirikishi. Siku hizi wapo pia polisi wa kata.

Utaratibu ni ule unaoujua: mkutano wa mtaa unakubaliana, vijana wanapatikana, majina yanapelekwa polisi, kaya zinachanga. Ukilegea, matokeo huonekana haraka. Mwaka 2022 makundi ya vijana waliojulikana kama Panya Road yalivamia nyumba na kujeruhi watu maeneo kadhaa ya Dar es Salaam, yakiwemo ya Chanika ndani ya Jiji hili, na hatua mojawapo iliyoagizwa ilikuwa kufufua ulinzi shirikishi katika mitaa.

Sasa tofauti yenyewe. Halmashauri ya kijiji inatambuliwa kisheria kama chombo kamili. Inaweza kumiliki mali, kushitaki na kushitakiwa, na kutunga sheria ndogo zinazoridhiwa na halmashauri ya wilaya. Serikali ya mtaa mjini haina uwezo huo. Kijiji chenu kinaweza kuweka sheria ndogo juu ya zamu za ulinzi na ikawabana wote; mtaa wa Kariakoo unategemea makubaliano tu.

Na Kariakoo makubaliano ni magumu. Wanaopiga kura kwenye mtaa ni wakazi, lakini wenye mali ni wafanyabiashara ambao jioni wanakwenda kulala Kimara, Tabata na Mbagala. Mkazi wa nyumba ya zamani anaombwa mchango wa kulinda ghorofa la mtu asiyemjua. Mwenye ghorofa anaajiri mlinzi wake wa kampuni anayetazama mlango mmoja tu. Kichochoro kilicho katikati kinabaki bila mwenyewe. Wafanyabiashara husemea mambo yao kupitia jumuiya zao, na wakikasirika hufunga maduka, kama walivyofanya Mei 2023 na Juni 2024 juu ya kodi na ukamataji, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akashuka mwenyewe Mei ile kukutana nao Mnazi Mmoja. Mkutano wa mtaa hauna uzito huo.

Ukiwa na jambo, anza na mlango wake. Mshahara au cheo kilichocheleweshwa kinaanzia kwa afisa utumishi wa halmashauri husika, ndipo Utumishi. Leseni, ushuru, taka na mgambo ni Jiji, kuanzia ofisi ya kata. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi, na mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Dharura ya polisi piga 112, moto na uokoaji 114, na mtu akikuomba rushwa piga TAKUKURU 113. Namba zote tatu ni za bure.